Nguzo za Hiramu na Vyungu vya Ikombe

Masomo: 1 Wafalme 7:13–22, Ufunuo 21:22–27



Katika parishi nyingi za kandokando ya Ziwa Nyasa huzuka swali moja kila Sikukuu ya Mavuno inapokaribia: je, ngoma iingie kanisani au ibaki nje? Wazee wengine husema kwamba ngoma ni mambo ya ushenzini, na kinanda ndicho cha Kanisa. Vijana wengine hujibu kwamba kinanda ni cha Wazungu, na ngoma ndiyo yetu. Maneno huwa makali, na mara nyingine kwaya moja hugawanyika ikawa mbili. Sisi tuliokaa darasani miaka mingi tumezoea kuuliza kwanza: hicho kitu tunachogombania kimetoka wapi?

Tuanze na Hekalu la Yerusalemu. Mfalme Sulemani alipohitaji fundi wa shaba, alituma watu mpaka Tiro wakamlete Hiramu. Huyu si yule mfalme wa Tiro, ila ni fundi mwenye jina hilo hilo. Maandiko yanaeleza ukoo wake waziwazi: mama yake alikuwa mjane wa kabila la Naftali, na baba yake mtu wa Tiro, mfua shaba. Basi fundi wa nyumba ya Mungu alikuwa mtoto wa mataifa mawili. Ndiye aliyezisubu zile nguzo mbili kubwa, Yakini na Boazi, akazipamba kwa makomamanga na mayungiyungi. Wala hatusomi popote kwamba Mungu alizikataa nguzo zile kwa kuwa fundi wake alitoka Tiro.

Sasa tuyatazame makanisa yetu. Mengi yana madirisha yaliyochongoka juu, nasi hudhani kwamba umbo lile ni la Kikristo tangu mwanzo. Lakini mjini Kairo uko msikiti wa Ibn Tulun, uliokamilika mwaka 879, na matao yake yamechongoka vivyo hivyo. Kanisa la Saint-Denis karibu na Paris, ambalo huhesabiwa kuwa chimbuko la ujenzi wa namna hiyo kule Ulaya, upande wake wa altare uliwekwa wakfu mwaka 1144, yaani miaka 265 baadaye. Kutoka Ufaransa umbo lile likaenea mpaka Uingereza. Wamisionari wa UMCA wakalileta Unguja, walipojenga Kanisa Kuu la Kristo mahali palipokuwa soko la watumwa, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873. Kuta zake zikajengwa kwa mawe ya matumbawe, kama nyumba za pwani zilivyojengwa. Basi dirisha tunaloliita “la Kanisa” limepita katika mikono ya mataifa mengi kabla ya kutufikia.

Tumtazame na mama aliyevaa kitenge siku ya Jumapili. Uzuri wa kitambaa kile ulianzia Java, ambako watu huchora kwa nta kabla ya kutia rangi. Katika karne ya 19 Waholanzi waliiga kazi ile kwa mashine, kisha wanunuzi wa Afrika Magharibi wakachagua michoro na rangi walizozipenda wao. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na mama zetu wakavaa vitambaa vilivyotoka humo. Nani leo atamwambia mama huyo kwamba kitenge si chake? Amekivaa arusini, amekivaa msibani, amembebea mtoto. Kimekuwa chake.

Na ngoma nayo imesafiri. Mganda ulienea katika mwambao wa ziwa letu baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia ya 1914–1918, upande wa Manda na Liuli, na hata ng'ambo ya Malawi, ambako huitwa malipenga. Wachezaji hujipanga mistari kama askari na kupuliza vibuyu vyenye sauti kama ya tarumbeta. Watu waliona gwaride la wakoloni, wakalifanya mchezo wao wenyewe. Kumbe katika ngoma ile imo sauti ya bendi ya Kizungu, na katika dirisha la kanisa umo mkono wa Mwislamu. Mzee na kijana wanaogombana wanashika kila mmoja kitu cha watu wengi, na kila mmoja anasema ni cha upande wake tu.

Tuje nyumbani. Ukitoka Matema kwa mtumbwi, ukifuata miguu ya Milima ya Livingstone, utafika Ikombe kwa Wakisi. Huko wanawake hufinyanga vyungu kwa mikono, huvisugua mpaka viwe laini, huvitia nakshi, kisha huvichoma mahali pa wazi. Vyungu huja kwa mitumbwi mpaka soko la Lyulilo, na kutoka hapo huenda Kyela, Mbeya na mbali zaidi. Tangu zamani Wakisi walibadilishana vyungu na chakula cha watu wa bondeni. Mfinyanzi alijua jiko la Mnyakyusa linataka nini, na Mnyakyusa alijifunza kupenda kile ambacho mkono wa Mkisi uliweza kufanya. Huo ndio uzuri unavyokua: jirani hukutana na jirani, na kila mmoja humwachia mwenzake kitu.

Basi tusiulize tena, “Hiki ni cha nani?” Tuulize kama alivyouliza Daudi alipotaka kununua uwanja wa Arauna, naye hakukubali kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu (2 Samweli 24). Ngoma iliyopigwa bila mazoezi, na wapigaji wamechelewa kuja, haiwi sadaka njema kwa kuwa ni ya Kiafrika. Kinanda kinachotumiwa kuwanyamazisha watu wasiimbe kwa moyo hakiwi kitakatifu kwa kuwa kilikuja na wamisionari. Na ngoma iliyozoeleka penye ulevi yafaa ifunzwe maneno mapya kabla ya kuletwa mbele ya altare.

Vilevile tuyaangalie maua ya plastiki yanayokaa altareni mwaka mzima yakishika vumbi. Hatumlaumu mama anayenunua ndoo ya plastiki kwa ajili ya maji. Haivunjiki, naye ana safari ndefu ya kisimani. Lakini altare haina safari ndefu. Parishi iliyo karibu na Ikombe yaweza kununua chungu kimoja na kuweka ndani yake maua yaliyochumwa asubuhi ile ile. Ufundi usionunuliwa hufa pamoja na bibi aliyeujua, na binti asiyeona kazi ya mama yake ikiheshimiwa atajifunza kazi nyingine. Tukiacha hilo litokee, siku moja tutasimama mbele za Mungu na mikono mitupu, ingawa alitupa udongo na watu wanaojua kuufinyanga.

Yohana aliuona mji mtakatifu, na watu wakiingiza ndani yake utukufu na heshima ya mataifa. Mataifa yote yaingiza, ila kilicho kinyonge hakiingii. Mkisi ataingia na chungu chake, Mnyakyusa na ngoma yake, Mwingereza na kinanda chake, na malango hayatafungwa.

Ee Mungu, uliyemjaza Bezaleli Roho yako ili afanye kazi nzuri, utujalie tuitambue kazi ya mikono yako katika mikono ya jirani zetu, na tukutolee kilicho bora. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.