Tunda la Msafiri

Ukweli katika mambo makubwa una walinzi wengi. Mtu akiitwa mahakamani kutoa ushahidi juu ya roho ya mwenziwe, huwapo hakimu, huwapo kiapo, huwapo macho ya watu, na hofu ya Mungu humjia hata asiyeizoea. Ukweli katika mambo madogo ni yatima. Hauna hakimu wala shahidi, na mwenye kuudhulumu hulala usingizi mzuri. Swali la insha hii ni kama yatima huyu ana haki sawa na ndugu yake mkubwa, au kama twaweza kumnyima chakula tusiitwe madhalimu. Ili swali lisielee hewani, nitalifunga katika safari moja ijulikanayo sana Amerika ya Kusini, nayo ni safari ya basi kutoka mji wa Mendoza, katika Argentina, mpaka Santiago, mji mkuu wa Chile.

Miji hii miwili haiko mbali. Kwa barabara ni kilomita kama 360, lakini baina yake imesimama milima ya Andes. Basi huiacha Mendoza na mashamba yake ya mizabibu, yanyweshwayo kwa mifereji ya maji ya theluji. Hupita Uspallata, kisha hulifuata bonde la mto kwenda juu mpaka mahali ambapo majani hukoma na mawe hutawala. Upande wa kulia, siku ya mbingu safi, msafiri huweza kuuona Aconcagua, mlima wa mita 6,961, mrefu kuliko yote ya Amerika. Penye mita zipatazo 3,200 juu ya usawa wa bahari njia huingia katika handaki la kilomita tatu hivi, lililofunguliwa mwaka 1980, na humo gizani nchi moja huisha na nyingine huanza. Upande wa pili barabara hushuka kwa mapindi yanayofuatana kama nyoka aliyejikunja, kila pindi na namba yake. Wakati wa baridi theluji huweza kuifunga njia, na safari ya saa chache ikawa safari ya siku.

Kabla ya mteremko ule kuna forodha ya Chile. Abiria wote hushuka na mizigo hushushwa. Kila mmoja hutoa hati aliyoitia sahihi, ambayo ndani yake ametamka kwa kiapo kama amechukua au hakuchukua matunda, mbegu, nyama, asali na vitu vingine vya shamba. Mabegi hupitishwa katika mashine ya kuonea ndani, na mara nyingine mbwa aliyefundishwa hunusa mstari mzima wa mizigo. Sheria yenyewe ni ya upole kuliko sura yake. Aliyesema kuwa ana tunda hunyang'anywa tunda akaenda zake salama. Aliyesema hana, kisha likaonekana, hutozwa faini.

Mgeni huweza kucheka kuona serikali nzima inaliogopa tufaha moja. Kicheko chake hakitadumu akijua sababu. Yuko nzi mdogo wa matunda ambaye hutoboa ganda na kutaga mayai yake ndani. Tunda kwa nje hubaki zuri, lakini ndani funza wanakula. Chile huishi kwa sehemu kubwa kwa matunda yake, zabibu na cheri na mengineyo, ambayo husafirishwa kwenda nchi za mbali, na nchi hizo hukataa tunda litokalo penye nzi huyu. Mwaka 1995 Chile ilijitangaza kuwa imeokoka naye, na tangu hapo kila alipozuka tena alisakwa upya. Katika ulinzi huo maumbile yenyewe yaliisaidia: kaskazini liko jangwa la Atacama, magharibi iko bahari kuu, kusini kuna baridi na barafu, na mashariki imesimama Andes.

Hapa ndipo swali letu linapoanza kuwa zito. Mlima ulikuwa mlinzi asiyelala na asiyehongwa. Hakuna nzi aliyeweza kuruka juu ya theluji ile. Lakini watu walitaka kupita, na matakwa yao yalikuwa ya haki. Jeshi la San Martín lilivuka milima hiyo mwaka 1817 kwenda kuikomboa Chile. Reli ilipenya mwaka 1910. Mwishowe barabara ikatoboa mwamba. Mlima ulipotobolewa, kazi ya mlima ilikabidhiwa vinywa vya wasafiri. Pale palipokuwa na ukuta wa mawe sasa pana swali la maneno machache, na jibu la ndiyo au siyo. Kila njia ambayo binadamu huifungua kwa manufaa yake hudai kwake uaminifu ambao zamani haukuhitajiwa. Asiyetaka deni hili na aukubali mlima urudi.

Chukulia basi mwanamke mwenye matufaha mawili katika mkoba. Ameyachuma kwa mama yake, naye apeleka kwa mtoto wake. Hana nia mbaya hata chembe. Afikiri: matufaha haya ni safi; faini ni ya wafanya magendo; nikiyataja yatatupwa, na mama yangu aliyachagua kwa mkono wake. Aandika kuwa hana kitu. Je, amekosa?

Watetezi wake watasema kuwa tunda ni dogo. Ni kweli, lakini udogo wa kitu haupimwi kwa ukubwa wa mkoba kilimowekwa. Kijinga cha moto ni kidogo mpaka kifike penye makuti. Watasema tena kuwa yeye ajua matunda yake ni safi. Hajui, aona ganda tu, na adui hukaa chini ya ganda. Hoja yao ya tatu ndiyo yenye nguvu: kuwa hakuna aliyeumia, maana yamkini matunda yale yalikuwa mazima kweli. Hata kama ni hivyo, aliyempa mwenziwe dawa bila ya kuitazama chupa hawi mwema kwa sababu mgonjwa alipona. Bahati ilimsitiri, lakini bahati haimtakasi. Mwanamke huyu ameweka rehani shamba la mkulima asiyemjua, bila ya idhini yake, ili asipoteze matufaha mawili. Mkulima hakuwapo penye basi kujitetea. Waliokuwapo ni sahihi ya yule mama na dhamiri yake.

Sasa tuwatazame abiria wenziwe. Tunda likionekana katika begi, mwenyewe ataitwa, karatasi zitaandikwa, na basi laweza kusubiri na watu wake wote katika baridi ya mlimani. Miongoni mwao yumkini yumo anayekwenda kumzika baba yake. Husemwa samaki mmoja akioza wote wameoza, na watu wengi huitumia methali hii kama hukumu. Mimi naiona kama onyo. Uozo wa samaki huambukiza. Hatia ya mtu haiambukizi. Abiria arubaini waliongoja hawakuwa waongo kwa kuwa waliketi karibu na mwongo. Hata hivyo wamelipa. Yatupasa kutenga mambo mawili yanayochanganywa kila siku: hatia ni ya mmoja, hasara ni ya wote. Kwa hiyo mwenye kuficha kitu kidogo hana haki ya kusema kuwa ni juu yake mwenyewe. Kosa lingeweza kuwa lake peke yake kama angesafiri peke yake, na hakuna asafiriye peke yake katika basi.

Limebaki swali la jirani wa kiti, aliyeyaona matufaha yakiingizwa chini ya shali. Usafiri huzaa undugu wa muda. Watu waliogawana mkate njiani huona haya kusalitiana. Nasema jirani huyu ana wajibu, na wajibu wake una daraja. Kwanza amwambie mwenziwe kwa sauti ya chini, kabla ya kufika forodhani: mama, yataje, hutadhurika. Neno hili ni hisani kuliko kunyamaza, kwa kuwa lamwokoa na faini, na uwongo pia. Mwenziwe akikataa, undugu wa muda hauna nguvu ya kumfanya mtu awe mshirika, naye na amwarifu mwenye forodha. Jambo hili ni chungu, nami simwoni kuwa mtu mwema yule alitendaye kwa furaha. Lakini heshima tunayomwekea aliye mbele yetu isilipwe kwa mali ya asiyeonekana.

Labda mtu atauliza: yule atajaye tunda lake kwa kuogopa faini, ametenda wema? Ametenda sawa, ijapokuwa hajatenda wema. Sheria huridhika na mkono. Maadili hutaka na moyo. Hata hivyo nisingeidharau faini. Mtoto hufundishwa kunawa mikono kwa kukemewa, akikua hunawa kwa kupenda usafi.

Juu ya handaki lile, katika mpaka wenyewe, imesimama sanamu ya Kristo iliyowekwa mwaka 1904, baada ya Argentina na Chile kupatana juu ya ugomvi wa mipaka uliokaribia kuwatia vitani. Ni ukumbusho wa ahadi kubwa baina ya mataifa mawili. Abiria wa basi hawaioni. Hupita chini yake, ndani ya mwamba, hati zao mkononi. Ahadi iliyo juu ilitiwa sahihi na wakubwa mara moja. Hii ya chini hutiwa sahihi kila siku na watu wasiojulikana majina, nayo ndiyo ihifadhiyo mashamba. Yatima yule niliyemtaja ana haki sawa na ndugu yake mkubwa, kwani ndiye afanyaye kazi ya nyumba.