Mpenda Taarabu na Usiku Wake

Ndugu zetu hutuuliza: mtu apendaye taarabu, kila jioni yumo klabuni na fidla yake, je, ni fasiki? Aulizaye hivyo hutaka jibu la neno moja. Imamu Ghazali hakulitoa. Katika Ihya aliandika kitabu kizima juu ya samaa, na hukumu akaifunga na hali ya msikilizaji na kile kiimbwacho. Wapo wanavyuoni waliokaza zaidi, wala hoja zao si za kudharauliwa.

Lakini natutazame jambo jingine. Ikhwani Safaa ya Unguja iliasisiwa mwaka 1905, na jina lake limetokana na wale wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10. Kanuni na udi havijuliwi kwa siku mbili. Vyataka mazoezi, na mazoezi hula usiku, na wengi hupiga kwa mapenzi, si kwa ujira. Basi usiku huo ni mali ya nani? Mke ana haki ndani yake, na mtoto ana juzuu yake ya kusikilizwa. Akiwatimizia kisha akaenda, hatuna neno la kumtupia. Akienda na huku deni la mwenye duka amelikalia, hata angalikuwa aja kwenye darasa letu hili, tungemwuliza swali lilo hilo.