Maneno Mia kwa Kigango Kimoja

Mwaka jana, mwezi ambao keateka alikuwa ameanza kunigongea mlango kabla jua halijatoka, nilipata kazi ya mtandaoni. Mteja alikuwa ng'ambo, muuzaji wa vitu vya kale vya Afrika. Alinitumia picha 12. Kila moja niiandikie maneno 100 ya kuvutia kwa ajili ya tovuti yake, nilipwe dola 10. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokosekana, na tangu hapo nimejifunza kutochagua kazi. Nikamwambia sawa, kesho zitakuwa tayari.

Kigoda, kinyago, kibuyu, kinyago tena. Nilikuwa naenda mbio. Picha ya tisa ikanisimamisha.

Ilikuwa kigango. Nguzo ndefu nyembamba mbele ya ukuta mweupe, kichwa cha duara, mwili umechongwa pembetatu ndogondogo kutoka shingoni kwenda chini. Sehemu ya mwisho, ile inayofukiwa udongoni, ilikuwa imelika na rangi yake ni tofauti. Mtu alikuwa amekichimbua.

Mimi ni Mgiriama wa Kilifi, hata kama Nairobi imenizoesha kujibu "Pwani" tu nikiulizwa kwetu ni wapi. Nyumbani kwa Hawe, bibi yangu, kulikuwa na vigango vitatu chini ya mkwaju, na watoto hatukuruhusiwa kucheza pale. Tsawe, mumewe, alikuwa akivimwagia tembo na kuvisemesha kwa sauti ya kawaida, kama unavyomsemesha mtu aliyeketi barazani.

Kwa asiyejua: kigango husimamishwa kwa ajili ya mzee aliyekuwa wa Gohu, chama cha watu wa heshima kwetu Mijikenda. Pengine miaka hupita baada ya mazishi. Marehemu anakuja ndotoni, au ugonjwa unaingia nyumbani, na familia inajua kwamba anadai nafasi yake. Anachongewa kigango, analetewa chakula na tembo, anatulia. Kikishasimama hakiondolewi. Familia ikihama, chenyewe kinabaki pale pale. Kikizeeka, kinaachwa kirudi udongoni polepole.

Haya yote niliyajua usiku ule. Na bado niliandika. Niliandika "sanamu adimu", "mistari inayopendeza macho ya kisasa", "itakaa vizuri sebuleni". Jina la mzee sikuweka kwa sababu sikulijua, na sikuuliza. Kijiji pia. Kinachoniuma zaidi ni kwamba niliandika vizuri. Kati ya maelezo yote 12, mteja alisifu hayo.

Sasa swali langu, na nimelibeba miezi mingi: hapo mimi nilikuwa mwizi?

Najua tunavyopenda kulijibu swali la vitu vyetu vilivyo kwenye makumbusho makubwa ya nje. Mzungu aliiba, Mzungu arudishe. Kwa shaba za Benin jibu hilo linatosha: mwaka 1897 jeshi la Uingereza liliuvamia mji, likauchoma, likabeba. Lakini vigango havikuja kuchukuliwa na jeshi. Biashara yake ilishika moto kuanzia miaka ya 1970, watalii walipojaa pwani, na mara nyingi aliyeking'oa alikuwa kijana wa hapo hapo, mwenye njaa ya kweli na jembe la kuazima. Akampa mwenye duka la vinyago. Mwenye duka akamuuzia mfanyabiashara, huyo akamuuzia tajiri wa Marekani, tajiri akakitoa zawadi kwa makumbusho. Makumbusho ikaandika kibandiko.

Angalia hiyo safari. Kila mmoja ana kipande kidogo tu cha kosa, na kila mmoja angeweza kulizuia kwa kuuliza swali moja: hiki ni cha nani?

Kwetu pia hatukuuliza. Nilikuwa darasa la tano asubuhi tulipoamka tukakuta vigango viwili na shimo. Wiki ile ile ami mmoja alirudi kutoka Malindi na baiskeli mpya. Watu wazima waliitazama ile baiskeli, wakatazamana, wakaendelea kula. Tsawe alikufa bila kuliongelea. Kwa hivyo nilipoiona ile picha ya tisa, moyo uliruka kwa sababu ambayo sijaisema mpaka sasa: huenda kilikuwa chetu. Niliikuza ile picha mpaka pembetatu zikawa ukungu. Sikuweza kujua. Nilikua nikipita kando yake miaka yote ile na sikuwahi kukiangalia.

Rafiki yangu mmoja, msomi kweli, huniambia natafuta hatia pasipokuwa nayo. Ati kama kingebaki Kilifi, mchwa wangekimaliza; angalau huko ng'ambo kimehifadhiwa. Hoja yake si ya kijinga. Lakini inadhani kwamba kudumu ni kwema kwa kila kitu. Kigango kilichooza mahali pake kimemaliza kazi yake, kama mzee aliyezikwa kwao. Kilichowekwa kwenye chumba chenye ubaridi uliopimwa, kisichozeeka wala kusemeshwa, kimezuiwa kumaliza. Mchwa nao walikuwa na zamu yao.

Basi virudishwe? Ndiyo. Na vinarudi. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Baadaye vikaonekana Marekani, kimoja Illinois State Museum, kingine Hampton University kule Virginia, na mwaka 2006 na 2007 vikarudishwa. Viliweza kufika kwa familia yenyewe kwa sababu kulikuwa na ile picha: uso wa mtu, jina, boma.

Linganisha na vingine. Makumbusho ya Denver iliamua mwaka 2014 kurudisha 30. Illinois State Museum ilirudisha 37 mwaka 2023. Ni jambo jema, nilifurahi. Lakini kwa vingi vya aina hiyo hakuna anayejua vilitoka boma lipi. Vinashuka kwenye ndege, vinapokewa na Makumbusho ya Kitaifa, halafu? Utampeleka nyumbani vipi mzee ambaye hakuna anayejua kwao?

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu ya dola 10. Kijana mwenye jembe alichukua mbao. Sisi waandishi wa vibandiko tulichukua anwani. Na bila anwani, hata mwizi akitubu, hana pa kurudisha.

Njaa yangu ilikuwa ya kweli, kama ya ami. Inaeleza kwa nini niliandika. Hainisafishi. Nadhani tofauti hiyo ndiyo tunayoikwepa sisi vijana wa kazi ndogondogo, tunaposema "si mimi, mimi nimeandika tu". Minyororo mingi ya dhuluma imeungwa na watu wa "nime-fulani tu".

Nilimwandikia mteja kumuuliza alikipata wapi. Hakujibu, ila alinipa nyota tano. Nikaituma ile picha kwa simu ya binamu yangu, amwonyeshe Hawe. Macho yake yameingia ukungu. Alishika simu muda mrefu, binamu anasema, akiisugua kwa kidole gumba kama anayetafuta kitu ndani ya kioo.

Nilipopiga, aliniambia, "Kwa picha siwezi. Ningekishika ningejua."

Kisha akauliza, "Umeandika ni cha nani?"

Nilinyamaza. Akaanza kunitajia, taratibu, majina ya wazee watatu wa chini ya mkwaju, baba zao, na mahali kila mmoja alipozaliwa. Nilichukua kalamu. Nimeyatuma Makumbusho ya Kitaifa pamoja na ile picha na anwani ya tovuti. Pengine si chetu. Basi ni cha mwingine, na kwake pia kuna shimo.