Someni Karatasi ya Duara

Wanangu mnaorekodi katika kile chumba cha ghorofani nyuma ya Adams Arcade, nimewasikia. Jioni nikitoka kununua mkate, biti yenu hunifuata hadi kituo cha matatu cha Ngong Road, na mguu wangu huitikia kabla sijajua. Kipaji mnacho. Kuhusu sauti sina la kuwafundisha. Ninalo moja tu la kuwaambia, nalo linahusu karatasi.

Jumamosi iliyopita nilipitia soko la Toi. Kati ya sufuria kuukuu na taa za mezani nikaona santuri ndogo ya lebo ya Equator. Bahasha yake imeliwa na mende, uso umejaa mikwaruzo. Nikailipia, nikaipangusa kwa upindo wa shati. Katikati, kuzunguka tundu, kuna karatasi ya duara isiyozidi kiganja cha mtoto. Juu limeandikwa jina la lebo, chini jina la wimbo, kisha la mwimbaji. Halafu, kwa herufi ndogo kama punje za wimbi, ndani ya mabano, jina la mtunzi.

Wengi wenu mkisikia neno lebo mnawaza ofisi, gari kubwa na bosi mwenye miwani myeusi. Lebo kwanza ni hiyo karatasi. Ndiyo inayosema nani aliimba, nani alitunga na nani ana haki ya kuuza. Ofisi huja baadaye, na ofisi hufungwa. Karatasi hubaki ikisema kilichoandikwa juu yake.

Equator ilikuwa ya hapa hapa Nairobi. Katika miaka ya 60 Charles Worrod, Mwingereza, aliwakusanya vijana wakawa bendi ya nyumbani: Fadhili William, Daudi Kabaka, na wale Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Leo mmoja anaimba na wenzake wanampigia, kesho wanapokezana. Ndiyo maana ukizisikiliza nyimbo zile unasikia watu wa boma moja. Mtindo wa twist ulipoingia kutoka ng'ambo, Kabaka hakuiga tu. Aliupa mwendo wa kwetu mpaka watu wakamwita mfalme wa twist. Wimbo wake Helule Helule ulivuka bahari, na mwaka 1968 bendi ya The Tremeloes ya Uingereza ikaurekodi, ukaingia katika chati za huko.

Malaika mnaujua. Fadhili aliurekodi mwanzoni mwa miaka hiyo ya 60, Miriam Makeba akautembeza duniani, na baadaye hata kundi la Boney M likauimba. Sasa kaeni na wazee watano muwaulize ni wimbo wa nani. Mmoja atasema wa Fadhili. Mwingine atamtaja Adam Salim wa Tanzania, aliyesema kwamba aliutunga katika miaka ya 40. Wa tatu atasema ni wa Grant Charo wa kule Taita. Fadhili alifariki mwaka 2001 na mabishano yakabaki. Mimi si hakimu wa jambo hilo, na jina la marehemu silichezei. Ila kila ninapousikia wimbo ule harusini, mimi huwaza: laiti siku ulipozaliwa ingekuwepo karatasi moja ambayo wote wangeikubali.

Wala msidhani hili ni la Afrika peke yake. Huko Memphis, Marekani, palikuwa na lebo ya Stax, iliyoanzishwa na Jim Stewart. Dada yake, Estelle Axton, aliweka nyumba yake rehani ili wanunue mashine ya kurekodia. Wakakodi jumba la sinema lililokuwa limefungwa, jumba la mtaani kama Metropole yetu ya hapa Adams, ambako sisi tulikuwa tukipanga foleni kuona filamu. Palipokuwa pakiuzwa bisi, Estelle akafungua duka la santuri. Vijana wa mtaa waliingia kusikiliza, naye akawa anatazama ni wimbo gani unaowatikisa. Miongoni mwa vijana hao ndimo alimotoka Booker T. Jones, mpiga kinanda. Bendi yao ya nyumbani ilikuwa na Weusi na Wazungu, katika mji uliokuwa umewatenga watu kwa rangi. Kutoka chumba kile dunia ikampata mwimbaji Otis Redding.

Mwaka 1965 Stewart alitia sahihi mkataba na Atlantic, kampuni ya New York iliyokuwa ikiwasambazia santuri. Walikuwa wakiaminiana, naye hakuusoma kwa makini. Desemba 1967 Otis akafa katika ajali ya ndege. Mwaka uliofuata, Atlantic ikiwa imeshanunuliwa na kampuni kubwa zaidi, Stax walitaka kuondoka na kazi zao. Ndipo walipoonyeshwa kifungu: kanda za asili za nyimbo zote zilizosambazwa na Atlantic zilikuwa mali ya Atlantic. Jasho la miaka, sauti ya Otis ikiwemo, lilikuwa limekwenda kwa sahihi moja. Walijikongoja, wakainuka tena, lakini mwisho wa 1975 wakafilisika. Jumba lilibomolewa mwaka 1989. Leo pamejengwa makumbusho papo hapo, na watu husafiri kwenda kupaona.

Na mimi nina kovu langu. Mwaka 1974 nilipiga gita la besi katika nyimbo nne, katika studio moja mjini ambayo sitaitaja. Tulipomaliza tulipewa pesa kidogo, soda na kitabu cha kutia sahihi. Nilidhani nathibitisha kwamba nimepokea hela. Sikugeuza ukurasa. Miaka mingi baadaye niko ndani ya matatu ya 111 na binti yangu, redio ikaupiga mmoja wa nyimbo zile. Nikamwambia, "Hiyo besi ni mimi." Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mzee akijisimulia ndoto. Ningemwonyesha nini? Jina langu halikuwa popote. Zile pesa niliacha kuzidai moyoni zamani, lakini yale macho ya mtoto wangu bado ninayo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nunueni daftari. Kabla hamjabonyeza kitufe cha kurekodi, andikeni: maneno ni ya nani, sauti ni ya nani, biti ni ya nani, na kila mmoja ana fungu gani. Tieni sahihi na tarehe. Mwandikeni na yule kijana mkimya wa kona, anayepiga gita na haonekani kwenye video, kwa sababu miaka 50 iliyopita kijana yule nilikuwa mimi. Fanyeni hivyo siku ambayo bado mnacheka pamoja na wimbo haujaleta hata shilingi. Pesa ikishaingia, kila mtu hukumbuka vyake.

Akija mtu na mkataba, msisaini siku hiyo. Nendeni nao nyumbani, mtafuteni mwanasheria, mumuulize jambo moja kwanza: hapa ninakodisha au ninauza? Ploti mnaielewa. Mpangaji hulipa kodi, muda ukiisha huondoka, na hati hubaki kwako. Ukimwandikia hati, umekuwa mgeni katika shamba lako. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema hakimiliki haiuzwi kwa maneno ya mdomo, mpaka yawe maandishi yenye sahihi ya mwenyewe. Sheria hiyo hiyo inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa hiyo ile kalamu mnayopewa inagusa chakula cha wajukuu ambao hamjawazaa.

Na kazi yenyewe itunzeni, nakala ya asili, mahali pawili tofauti. Laptopu huibwa, flashi huanguka. Mzee Joseph Kamaru alitoa nyimbo chini ya lebo yake mwenyewe na kuziuza katika maduka yake hapa jijini. Alifariki mwaka 2018, na leo mjukuu wake mwenye jina hilo hilo, anayejulikana kama KMRU, anazitoa upya kwenye intaneti, wasikilizaji wa mbali wakizipokea. Mjukuu ameweza kwa sababu babu aliacha kitu cha kushika.

Ile santuri ya Toi nimewaachia kwa mlinzi wa pale chini. Najua hamna mashine ya kuipigia. Igeuzeni tu mwangani, mkaribishe macho, msome katikati. Kisha mfungue daftari, na chini ya wimbo wenu wa usiku wa leo muandike majina yote.