Mwombezi wa Televisheni

Karibu kila kazi ina mwombezi wake mbinguni. Maseremala wana Yosefu, waganga wana Luka, na waandishi wa magazeti wana Fransisko wa Sales, ambaye hapa ofisini tunamsumbua kila juma siku ya kupeleka gazeti mtamboni. Lakini tukiwaambia watu ya kuwa televisheni nayo ina mwombezi, hucheka. Na wakisikia ya kuwa mwombezi huyo ni mtawa wa kike aliyefariki tarehe 11 Agosti 1253, hudhani tunawatania.

Hatutanii. Papa Pius XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa mwombezi wa televisheni mwaka 1958. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameandika waraka juu ya sinema, redio na televisheni, na badala ya kuviita vitu vya shetani, kama wafanyavyo baadhi ya wahubiri hata leo, alivihesabu kati ya mapaji ya Mungu. Huku kwetu televisheni ilikuwa bado habari ya kusimuliwa tu. Unguja waliipata katika miaka ya 1970. Bara tulingoja mpaka 1994.

Kwa nini Klara? Masista wenziwe walieleza mbele ya wachunguzi waliotumwa kuuliza habari za utakatifu wake, mnamo Novemba wa mwaka uleule aliofariki. Walisema ya kuwa usiku wa Noeli ya mwaka 1252 Klara alikuwa mgonjwa kitandani katika nyumba yao ya San Damiano, nje ya mji. Masista wakaondoka kwenda kwenye sala ya usiku, wakamwacha peke yake, naye akamnung'unikia Bwana kidogo kwa kuachwa vile. Mara akaanza kusikia kinanda, nyimbo na sala zote za Ndugu Wadogo katika kanisa la Mtakatifu Fransisko, lililo upande wa pili wa mji, kana kwamba yumo ndani pamoja nao. Hata hori la Noeli aliliona. Wasimulizi wa baadaye wakaongeza ya kuwa picha zilionekana ukutani, na hapo ndipo sisi wa leo tunapoiona televisheni.

Katika habari hii yote sisi tunashikwa na neno moja dogo: wakamwacha. Wala hawakuwa watu wabaya, maana walikwenda kusali! Hata hivyo chumbani alibaki mtu. Sauti zile na picha zile hazikupelekwa kwa wenye miguu yao. Zilipelekwa kwa yule aliyebaki.

Tulikuwa hatujalifikiri jambo hilo vizuri mpaka jioni moja tulipompelekea Komunyo bibi mmoja mgonjwa. Tulifika saa ya tamthilia. Ilikuwa ile ya Waturuki, ya Sultani Suleiman na Hurrem, waliyoianza kwao mwaka 2011, na ambayo watu wetu wameipenda mno tangu ilipotiwa sauti za Kiswahili. Sebuleni walikuwamo baba na mama wa nyumba, watoto, na majirani wawili. Walisimama kwa heshima, wakaitikia salamu yetu, wakapunguza sauti ya televisheni; lakini macho yao yalibaki palepale. Na tusijifanye wema kuliko wao. Sisi wenyewe tulisimama pale mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, tukitazama Hurrem atajibu nini, na huku Sakramenti Takatifu i kifuani mwetu.

Bibi alikuwa chumba cha ndani. Alipokea Komunyo kwa ibada, akanyamaza kitambo akishukuru. Kisha akatuuliza, "Baba, kwa nini wamepunguza sauti? Mama yake Sultani alikuwa anasema nini?"

Ndipo tulipofahamu. Kila jioni husikiliza kwa kupitia ukutani. Anawajua wote kwa sauti zao: yupi mwongo, yupi analia kwa hila, yupi atauawa kesho. Sura ya hata mmoja wao hajaiona. Hurrem, alituambia, ni mwanamke mnene, mweusi wa kupendeza, kama marehemu dada yake. Na ile heshima yetu ya kupunguziwa sauti ilikuwa imemnyang'anya jioni yake.

Tulipotoka tulihesabu hatua. Ni tisa.

Tukamwuliza baba wa nyumba kama mama yake hawezi kukaa na wenziwe. Akajibu ya kuwa mlango ni mwembamba, kitanda hakipiti. Halafu akashusha sauti, akasema, "Tena Baba, sebuleni wanaingia wageni." Tulielewa anachosema. Ugonjwa wa siku nyingi una harufu yake, na mwenye nyumba huona haya. Hatukumhubiria; mtu aliyetoka kusimama mlangoni vile angeanzia wapi? Tulimsimulia tu habari ya Hurrem mnene. Watoto waliangua kicheko. Mama yao alicheka kidogo, kisha akaacha, akatazama ukuta.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi uliofuata tulirudi. Kitanda kilikuwa hakikupita, kweli. Walichukua godoro, wakalitandika sakafuni chini ya dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Bibi alikuwa ameegemea mito, amevaa kanga safi, naye hakuwa na furaha hata kidogo. Hurrem ni mwembamba! Tena nywele nyekundu! Alisema wamembadilisha, na ya kuwa yule wa kwanza alikuwa na adabu zaidi. Mjukuu wake akambishia ya kuwa ni yuleyule tangu mwanzo. Bibi akamwambia yeye ni mtoto, hajui watu. Walikuwa wakibishana hivyo tulipobisha hodi, wala hawakutusikia, nasi tukangoja nje mpaka walipomaliza.