Vaa Boksi, Ingia Mbele ya Kamera

Watu watano wamechoka. Kazi yao ni kuruka, kupigwa mateke na kubiringika chini mbele ya kamera, huku sifa zikienda kwa wengine. Siku moja, kurekodi kukiwa kumepamba moto, wanamwambia mwongozaji wao kwamba imetosha: wanaondoka, wanakwenda kufungua studio yao wenyewe. Fedha hawana za maana. Mavazi hawana. Wanachokijua ni kupigana kwa namna inayopendeza kutazama, basi. Hapo ndipo inapoanza Chroma Squad, gemu ya mbinu iliyotoka mwaka 2015, kazi ya Behold Studios ya jijini Brasília, Brazil. Na hapo ndipo ninapotaka uanze na wewe.

Nakuhimiza uicheze, tena uicheze mpaka mwisho. Kwa sura ni gemu ya kuchekesha, maana inaigiza kwa utani vile vipindi vya mashujaa watano wenye mavazi ya kubana, kila mmoja na rangi yake, wanaoungana kumpiga dubwana kila wiki. Lakini chini ya utani huo kuna jambo zito kuliko mahubiri mengi ya mafanikio niliyowahi kuyasikia: kazi kubwa huanzishwa na vitu vilivyopo, na humalizwa na mtu aliyekubali kuitoa zamu yake ili mwenzake apige.

Vipindi vyenyewe unavifahamu, hata kama majina yake ya asili huyajui. Mwaka 1975 kampuni ya Toei ya Japani ilitoa Himitsu Sentai Gorenger, hadithi ya mashujaa watano iliyobuniwa na mchoraji Shotaro Ishinomori, na kutoka hapo ukaota ukoo mzima wa vipindi unaoitwa Super Sentai. Roboti kubwa lilikuja baadaye, katika Battle Fever J ya mwaka 1979, na tangu hapo halikutoka. Kisha akaja Haim Saban, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni. Aliona kwamba mashujaa wale wakishavaa kofia za kufunika uso, hakuna anayejua aliyemo ndani ni nani. Kumbe basi mapigano yaliyorekodiwa Japani yanaweza kuunganishwa na vijana wa Kimarekani wanaozungumza Kiingereza, na mtoto anayetazama asione kiungo. Wazo hilo alilitembeza kwa miaka, vituo vya televisheni vikilikataa. Likakubaliwa hatimaye na Fox Kids, na mwezi Agosti 1993 Mighty Morphin Power Rangers ikaenda hewani. Mapigano yake yalitoka katika Zyuranger, kipindi cha Japani cha mwaka uliotangulia.

Sasa tafakari kidogo juu ya watu waliokuwa ndani ya zile kofia. Mwekundu aliyeruka kutoka juu ya jabali, wa njano aliyezungusha miguu hewani, hata dubwana lililoanguka kwa kishindo: wote ni watu waliotoka jasho ndani ya vazi zito, na nchi nyingine zikaishangilia kazi yao bila kuziona sura zao. Chroma Squad imewachagua hao hao kuwa mashujaa wake, ikamwacha nyota wa bango. Uamuzi huo peke yake unatosha kunifanya niipende, kwa sababu wengi wetu tuko upande huo wa kofia. Kazi yetu inaonekana, sisi hatuonekani.

Ukishaanza, unapewa kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kuongoza pambano. Uwanja umegawanywa katika miraba, na mnacheza kwa zamu: watu wako wanasogea na kupiga, kisha adui naye anafanya yake. Kikosi kina Kiongozi, kuna Mshambulizi wa kuumiza, kuna anayekwenda mbali na haraka, kuna Fundi, na kuna Msaidizi anayewaponya wenzake. Wewe ndiye unayeamua nani ashike nafasi gani. Unachagua majina, unachagua rangi, unachagua hata maneno watakayopiga kelele wakati wa kugeuka mashujaa. Kazi ya pili ni kuendesha studio, maana kila pambano ni kipindi kinachorekodiwa na watazamaji wapo.

Watazamaji ndio roho ya gemu hii. Kila kitendo cha kuvutia kinaongeza idadi yao, na idadi hiyo ikizaa mashabiki, fedha nazo zinafuata. Mwanzoni mwa kipindi mashujaa wako wanapigana wakiwa na nguo zao za kawaida. Hawaruhusiwi kugeuka mpaka watazamaji wamefika kiwango fulani. Lazima kwanza uwape watu sababu ya kuendelea kutazama ukiwa na mikono mitupu, ndipo upewe upanga na kofia. Ni sheria ndogo tu ya gemu, lakini ndiyo sheria ya kila kazi inayoanzia chini. Kijana anayesubiri kamera ya bei mbaya ili aanze kurekodi anaisoma sheria hii kinyumenyume.

Hata katika studio hii mpya, mwongozaji ana maagizo yake kwa kila kipindi. Mara nyingi anataka adui mkuu amalizwe kwa pigo la pamoja la kikosi kizima, na agizo hilo ndilo linalokutoa usingizini. Kumpiga adui mpaka afe ni rahisi. Kumfikisha katika afya ndogo kabisa, ukajizuia usimmalize, ukawakusanya watu wako wote wamzunguke bila mmoja kuangushwa njiani, hiyo ni kazi ya akili. Wachezaji wengi hutosheka na ushindi wa kawaida wakaliacha agizo lipite. Usiwe mmoja wao. Kipindi kilichomalizwa hovyo kimemalizwa, ni kweli, lakini watazamaji wanajua tofauti, na wewe mwenyewe unaijua.

Sasa niseme juu ya kitufe kimoja, maana bila hicho gemu hii ingekuwa kama nyingine. Kila shujaa, badala ya kupiga, anaweza kuchagua kushirikiana. Akichagua hivyo zamu yake imekwisha. Hapigi mtu. Anasimama pale akiwa amejiweka tayari. Mwenzake akifika karibu naye anamtumia kama ngazi, anarushwa juu, anatua miraba kadhaa mbele ya pale ambapo miguu yake mwenyewe ingemfikisha. Na kama huyo aliyejiweka tayari amesimama jirani na adui, mwenzake akimpiga adui huyo, naye anaingia katika pigo. Wawili wakijiweka tayari, pigo ni la watatu. Wote wakimzunguka adui mmoja na wa mwisho akapiga, kinatokea kile ambacho watoto wa Japani na Brazil walikisubiri kila wiki: silaha moja kubwa, mlipuko, na dubwana chini.

Tazama hesabu yake inavyokwenda. Mshambulizi wako yuko nyuma, adui mkuu yuko ng'ambo ya uwanja, na Msaidizi anakaribia kuishiwa afya. Mchezaji mgeni atamsogeza kila mtu hatua chache na kupiga kilicho karibu. Matokeo ni mapigo matano dhaifu, yaliyotawanyika. Mchezaji aliyeelewa atamweka Fundi katikati ya uwanja, asipige, awe ngazi. Yule mwepesi ataruka juu ya Fundi, atue jirani na adui, naye asipige, ajiweke tayari. Kiongozi atafuata njia ile ile na kujiweka tayari upande wa pili. Ndipo Mshambulizi anatoka nyuma, anarushwa na Fundi, anatua na kupiga, na wale wawili wanapiga naye. Fundi hakumgusa adui hata kidogo katika zamu hiyo, na bila Fundi pasingekuwa na pigo lolote la maana. Nimeona watu wakicheza saa nzima wakikikwepa kitufe hicho kwa sababu kinafanana na kupoteza zamu. Kibonyeze. Kibonyeze mapema, kibonyeze mara nyingi, mpaka mkono uzoee kumtazama kwanza mwenzako yuko wapi kabla ya kumtazama adui.

Halafu kuna karakana. Adui wanaoanguka huacha vifaa, na kwa vifaa hivyo unawatengenezea watu wako kofia, mavazi na silaha. Mwanzoni ni vitu vya hali ya chini kabisa, maboksi na selotepu. Ukivaa kofia ya boksi unaonekana umevaa kofia ya boksi, na bado inakuongezea kinga. Fedha nazo hazitoshi kila kitu. Unajikuta mwisho wa kipindi unapima: ninunue silaha dukani, niboreshe vifaa vya kurekodia, au niingie mkataba na wakala mwingine wa matangazo? Barua pepe za mashabiki zinaingia, na unaweza kuzijibu. Ushauri wangu ni kwamba usikimbilie duka. Tengeneza. Chombo ulichokitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya pambano lililokuchosha unakitumia kwa heshima zaidi, na unajifunza mapema ni kipi hasa unachokihitaji.

Roboti kubwa linapokuja, kanuni zinabadilika. Ni wewe na dubwana, ana kwa ana. Unapiga ngumi. Ikifika, unaweza kupiga nyingine papo hapo, lakini uwezekano wa kufika umeshuka. Ukiendelea, unazidi kushuka. Ukikosa, zamu imekwenda kwa adui. Hapo hakuna wa kukuambia usimame lini. Mwoga anaishia ngumi mbili kila mara na pambano linamchosha, na mwenye tamaa anapiga mpaka akose. Anayeshinda ni yule anayeangalia afya ya adui, afya yake na asilimia iliyoandikwa mbele yake, kisha akaamua kwa macho makavu. Uamuzi wa namna hiyo unajengeka kwa kurudia, nawe utapata nafasi nyingi za kurudia.

Na waliotengeneza gemu hii walikuwa wakiisimulia safari yao wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kituo cha Rede Manchete kiliwaletea watoto wa Brazil vipindi vya Japani kama Jaspion na Changeman, na kizazi kizima kikakua kikigombania nani awe mwekundu uani. Baadhi ya watoto wa wakati huo wakaja kuwa watengenezaji wa gemu. Behold ilikuwa studio ndogo, mbali na miji ambako gemu kubwa za dunia hutengenezwa. Walikuwa wameshatoa Knights of Pen and Paper mwaka 2012, na mwaka 2013 wakawaendea watu wa kawaida kupitia Kickstarter kuchangisha fedha za Chroma Squad. Watu wakachanga, lengo likavukwa.

Kisha kikaja kikwazo ambacho kingewavunja moyo wengi. Kampuni ya Saban, iliyokuwa na haki za Power Rangers wakati huo, iliona gemu hii inafanana mno na mali yake. Fikiria hali hiyo: kikundi kidogo cha Wabrazili, kampuni kubwa ya Marekani upande wa pili wa meza, na kazi ya miaka bado haijatoka. Hawakuifuta kazi. Walikaa, wakazungumza, wakafikia makubaliano, na gemu ikatoka ikiwa na maneno yanayosema imetokana na msukumo wa Power Rangers za Saban. Mwaka 2017 ikaingia kwenye PlayStation 4 na Xbox One, ikichapishwa na Bandai Namco, jina ambalo linafungamana na midoli na roboti za vipindi vile vile vya Sentai. Watoto waliotazama kutoka upande wa pili wa dunia wakawa wamefika mlangoni kwa wenyewe, wakiwa na kazi yao mkononi.

Kwa hiyo usiniambie mahali ulipo ni mbali. Usiniambie vifaa bado. Kama una kikundi cha maigizo kinachokutana Jumamosi, kama mnarekodi vichekesho kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kama unaandika programu usiku baada ya kazi za watu, gemu hii iliandikwa na watu wa aina yako. Icheze pamoja na hao unaofanya nao kazi. Kaeni watano mbele ya skrini moja, kila mmoja ampe shujaa mmoja jina lake, na mjadiliane kila zamu kwa sauti: nani awe ngazi, nani aruke, nani apige. Mtajuana zaidi katika pambano moja kuliko katika vikao vingi vya kupanga mipango.

Na ukikwama, maana utakwama, usipunguze ugumu haraka. Rudia kipindi. Angalia ni nani aliyeachwa peke yake kabla mambo hayajaharibika, kwa kuwa karibu kila kushindwa katika gemu hii huanza na shujaa mmoja aliyesonga mbele akawaacha wenzake. Mrudishe kundini. Hadithi ina njia zinazogawanyika kutokana na maamuzi yako, kwa hiyo ukimaliza mara moja bado hujaiona yote: anza upya, badilisha nafasi, mfanye yule uliyekuwa ukimsahau awe Kiongozi. Mwongozaji ameshaandika maagizo ya kipindi cha kwanza. Yasome yote kabla ya kusogeza mtu, kisha zamu yako ya kwanza kabisa mpe mmoja wao ajiweke tayari kwa ajili ya mwingine.