Chupeta Si Kizibo

Kaa hapa, mjukuu wangu. Nimeziona chupeta zako, hizo chuchu za bandia za kumtulizia mtoto, juu ya kabati: ya duara, ya bapa, ya mpira wa njano, ile ya bluu yenye kamba. Kibanda kizima cha soko la Palma umekihamishia nyumbani na mtoto bado anazitema. Jirani anasema jaribu za Mtwara. Shoga yako wa Pemba anakutumia picha za nyingine kwenye simu. Mimi nimechoka, magoti yananiuma, lakini nimezalisha wanawake wa pwani hii tangu kabla ya uhuru wa Msumbiji wa 1975, na hili sitalinyamazia.

Mtoto wako anacheua. Ana miezi miwili, chakula chake ziwa tu, na kila akilazwa maziwa yanapanda na uchachu wake. Mlango wa juu wa tumbo lake haujakaza bado, nao utakaza kwa wakati wake. Kucheua huku huanza kabla ya wiki ya nane, huzidi karibu na mwezi wa nne, na kati ya watoto kumi, tisa huwa wameacha kabla ya kutimiza mwaka. Koo lililochomwa na uchachu halitaki kuguswa na kitu kigeni. Wewe unamsukumia chupeta ndefu mpaka nyuma ya ulimi, anatapika, kisha unasema hii nayo hakuipenda, niletee nyingine.

Najua haraka yako inatoka wapi. Machi 2021, Palma ilipovamiwa, tulilala porini na watoto mgongoni, na kila mtoto aliyefungua kinywa mama yake alimziba kwa kiganja. Wa Mocímboa da Praia walianza kuyajua hayo tangu Oktoba 2017. Wewe ulikuwa msichana wakati ule, nami nilikuona ukimbembeleza mdogo wako kwa jasho la hofu. Tumerudi, lakini miili yetu bado inaogopa kilio. Mtoto akilia usiku, nyumba nzima inaamka moyo ukidunda, na mkono wa kwanza unakwenda kutafuta cha kumzibia. Kilio hiki cha sasa, mama, hakimwiti mtu mbaya. Ni maneno aliyonayo huyu mtoto, na hana mengine.

Basi kabla ya chupeta, muulize analilia nini. Kama ni njaa, mpe ziwa, hata kama amenyonya sasa hivi. Anayecheua hupendelea kidogo kidogo, mara nyingi. Chupeta ikikaa mahali pa ziwa, mtoto hukonda na maziwa yako hupungua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 1989 walisema wanyonyao wasipewe kabisa. Mwaka 2018 walilegeza wakasema mama aelezwe matumizi yake na hatari zake. Wako amekwishalijua ziwa vizuri, uzito wake kwenye kadi unapanda, nepi zinalowa mara sita na zaidi kwa siku. Sina ugomvi na chupeta kwake. Anyonyapo kitu kisicho na maziwa mate humjaa, akiyameza huyasukuma chini yale yanayopanda, na huenda akatulia.

Sasa kuichagua. Chukua yenye chuchu fupi, laini, nyembamba shingoni, iliyoandikwa ya mtoto wa miezi yake. Ile ya mpira wa njano ni laini, inakaribia ngozi, na watoto wengi wa ziwa huikubali upesi, ila jua letu huila ikanatanata. Ya silikoni ni ngumu kidogo lakini inavumilia kuchemshwa. Ngao yake iwe pana kuliko kinywa, yenye matundu ya hewa. Ivute kwa nguvu zako zote kabla ya kumpa. Ikiachia mkononi mwako itaachia kooni mwake. Na hiyo kamba ya bluu uikate leo. Kamba shingoni mwa mtoto sitaki kuiona nyumbani humu.

Ukishaipata inayofaa, zishike mbili tu za aina hiyo na uache kuzunguka. Usimpe akiwa na njaa wala akiwa amekwishapandwa na hasira. Mnyonyeshe, mweke wima begani, mgonge mgongo taratibu mpaka abeue, umshike hivyo kama nusu saa. Usikimbilie kumbeba mgongoni kwa kapulana iliyokazwa, inalikamua tumbo. Akiwa macho na ametulia, ipashe chupeta kwenye maji yaliyochemshwa yakawa vuguvugu, idondoshee maziwa yako, umguse nayo mdomo wa juu. Mwache aivute mwenyewe. Akishaishika ivute kidogo kama unaitoa, ataikaza. Akitaka kutapika itoe, mpumzishe mpaka kesho. Na afadhali baba yake au mimi tumpe. Wewe unanukia maziwa, kwa nini akubali mpira?

Wazee wenzangu watakuambia uichovye kwenye asali. Wasikilize kwa adabu, usifanye. Asali kabla ya mwaka mmoja huweza kuleta sumu inayolegeza mwili wa mtoto mpaka pumzi. Uji mwembamba wa muhogo wa kukalisha tumbo nao usubiri miezi sita. Mto wa kumwinua kichwa uondoe. Mlaze chali, juu ya kitanda kilichonyooka, hata kama anacheua. Chupeta ikidondoka amekwishalala, usimrudishie.

Na akitapika kijani, au damu, au maziwa yakaruka mbali kila anyonyapo, au akapata homa, akagoma ziwa, nepi zikakauka, hapo usije kuniuliza mimi. Nenda hospitali usiku huohuo.

Akiikataa mpaka mwisho, kidole chako safi kitamtosha, ukucha umekatwa. Wapo watoto wengi wa pwani hii waliokua bila kuijua. Akiikubali, ianze kumtoka baada ya miezi sita, maana ikizoeleka sana huja na maumivu ya masikio, na baadaye meno kupinda.

Mumeo anavuka mto Ruvuma wiki hii. Mwambie asinunue chupeta nyingine Mtwara. Maji ya kisima chetu unayajua, na kipindupindu unakijua. Kwa hiyo atuletee sufuria ndogo yenye kifuniko, ya kuchemshia hizo mbili tu, isipikiwe samaki.